Pakiti Haipotei, Hutupwa: Kuihoji Kadi ya Mtandao kwa Mzigo

Umeipigia seva ping mara 100 na majibu 100 yamerudi. Umepakua faili kubwa, kasi si haba. Lakini kila kazi ikichanganya, sauti za simu za mtandaoni zinakatika, nakala rudufu za usiku hazimaliziki hadi asubuhi, na hifadhidata moja inalalamika kwamba mwenzake haijibu. Hapo shutuma huanza kuzunguka: ni swichi, ni kebo, ni programu. Mwisho lawama huiangukia kadi ya mtandao, nayo huchomolewa na kubadilishwa kabla haijaulizwa swali hata moja.

Makala hii inahusu namna ya kuiuliza. Kuilemea kadi kwa mzigo mzito huonekana kazi nyepesi: washa programu upande huu, washa nyingine upande ule, soma asilimia. Ndiyo maana wengi huifanya na kuondoka na namba isiyowaambia kitu. Kuzalisha mzigo si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kujua pakiti iliyokosekana, yaani kipande cha data kilichokuwa safarini, imetupwa na nani.

Nasema "imetupwa" kwa makusudi. Tumezoea kusema pakiti "zimepotea", kana kwamba zilikosea njia gizani. Ukiacha zile zinazoharibikia kwenye waya, karibu kila pakiti isiyomfikia mlengwa ilifika mahali fulani ndani ya mashine, ikakuta hakuna nafasi, ikatupwa na sehemu mahususi. Sehemu hiyo mara nyingi iliongeza moja kwenye kaunta yake kabla ya kuendelea na kazi. Basi jaribio la mzigo ni njia ya kuzilazimisha kaunta hizo zisogee ukiwa unaziangalia.

Kwanza tuone kwa nini vipimo vya kawaida havioni kitu. Ping hutuma pakiti moja kila sekunde, ilhali kadi ya gigabiti 1 inaweza kuletewa karibu milioni 1.5 katika sekunde hiyohiyo. Ni kama kupima uimara wa daraja kwa kumvusha mtu mmoja. TCP nayo, inayobeba upakuaji wa faili, imeundwa kufunika upotevu: pakiti isipothibitishwa hutumwa tena, na mtumiaji haoni chochote ila mwendo uliolegea. Mwendo huo hulegea kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walionyesha kwamba kasi ya TCP ya mtindo wa zamani uitwao Reno hupungua kwa kufuata kipeuo cha pili cha kiwango cha upotevu. Chukua data ya baiti 1,460 kwa kila pakiti, safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 50, na pakiti moja tu inayokosekana katika kila 10,000. Kasi ya muunganisho mmoja inakwamia kwenye takriban megabiti 28 kwa sekunde, hata kama waya ni wa gigabiti 10. TCP za kisasa hujitahidi zaidi ya hapo, lakini upotevu unaoonekana mdogo mno bado huziumiza.

Ukubwa wa pakiti hubadilisha swali

Hapa ndipo vipimo vingi hupotoka. Mtu anasema kadi yake "inabeba gigabiti 10 bila tatizo" kwa sababu aliipima kwa pakiti kubwa. Lakini kwa kompyuta, uzito wa kazi hautokani sana na idadi ya baiti. Unatokana na idadi ya pakiti. Kila pakiti, iwe nono au nyembamba, inadai kuandikishwa, kupewa nafasi kwenye kumbukumbu, kusomwa anwani na kupelekwa kwa programu husika.

Pakiti husafiri kwenye waya ndani ya bahasha iitwayo fremu. Fremu ndogo kabisa ya Ethernet ina baiti 64, na ya kawaida iliyo kubwa kabisa ina baiti 1,518. Kwenye waya kila fremu huongezewa baiti 20: 8 za utangulizi na 12 za pengo linaloitenganisha na inayofuata. Piga hesabu: kwenye gigabiti 1, fremu kubwa ni kama 81,274 kwa sekunde, na ndogo ni 1,488,095. Kwenye gigabiti 10 ndogo hufika 14,880,952. Maana yake fremu mpya inabisha hodi kila nanosekunde 67.2. Prosesa ya gigahezi 3 inapata mapigo takriban 200 tu kwa kila fremu, na kwenda mara moja kuchota kitu kwenye kumbukumbu kuu kunaweza kula mapigo yote hayo na zaidi. Mashine isiyotokwa na jasho kwa fremu za baiti 1,518 inaweza kutupa zaidi ya nusu ya fremu za baiti 64, na kadi haina kosa lolote.

Kwa hiyo kipimo cha ukubwa mmoja ni nusu ya kipimo. RFC 2544, waraka wa mwaka 1999 ambao bado ni mwongozo mzuri wa kazi hii, unataja ukubwa saba kwa Ethernet: 64, 128, 256, 512, 1,024, 1,280 na 1,518. Ukikosa muda wa zote, pima angalau 64, 512 na 1,518. Simu za mtandaoni na maswali ya DNS (ya kutafuta anwani za majina ya tovuti) hutumia pakiti ndogo, kwa hiyo malalamiko ya watumiaji mara nyingi hutoka upande ambao mpimaji hakuugusa.

Milango ambayo pakiti hupita

Ili kumjua mtupaji lazima tuifuate pakiti kutoka kwenye waya hadi kwenye programu. Nitatumia Linux kwa mifano kwa sababu kaunta zake ziko wazi.

Mlango wa kwanza ni waya wenyewe. Kadi hupokea mawimbi ya umeme au mwanga, huyageuza kuwa biti, kisha hukagua baiti 4 za mwisho za fremu, yaani jumla ya ukaguzi ya CRC. Ikiwa hesabu hailingani, fremu hutupwa papo hapo na kaunta ya rx_crc_errors inaongezeka. Kaunta hii ikisogea, usiguse mipangilio ya kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi. Tazama kebo, kiunganishi, moduli ya nyuzi za mwanga, au upande mmoja uliolazimishwa kutuma na kupokea kwa wakati mmoja huku mwingine ukifanya kimoja kimoja kwa zamu. Kumbuka pia kwamba waya hauna ukamilifu. Viwango vya gigabiti 10 vinavumilia kosa la biti 1 katika kila biti trilioni 1, ambalo kwa kasi kamili ni kosa moja kila sekunde 100 katika hali mbaya inayoruhusiwa. Kebo nzuri hufanya vizuri kuliko hapo. Kosa moja kwa usiku mzima lisikuondolee usingizi, lakini makosa kumi kwa dakika ni ugonjwa.

Mlango wa pili ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya kadi. Fremu hukaa humo kwa muda mfupi sana ikisubiri kuvushwa kwenda kwenye kumbukumbu kuu kupitia njia ya PCIe. Njia ikiwa nyembamba, au kompyuta ikichelewa kutoa nafasi, kumbukumbu hiyo hufurika. Kadi nyingi za Intel huiandika hali hii kama rx_missed_errors. Jina linafanya watu wailaumu kadi, ilhali kadi inasema: nilileta, hamkupokea.

Kosa la sloti, tundu la kuchomekea kadi kwenye ubao mama, hujificha hapa, na nalitilia uzito kwa sababu ni la kawaida na halionekani kwa macho. Gigabiti 10 ni megabaiti 1,250 kwa sekunde kwa kila upande. PCIe nayo imegawanywa katika njia ndogo zinazobeba data sambamba: njia moja ya PCIe 2.0 hubeba kama megabaiti 500, na ya PCIe 3.0 kama 985. Kuna sloti ndefu kwa umbo ambazo ndani zimeunganishwa njia chache tu. Kadi inaingia vizuri, taa zinawaka, muunganisho unatangaza gigabiti 10, na ikipewa njia moja tu ya PCIe 2.0 hakuna siku itakayofikia nusu yake. Amri ya lspci -vv huonyesha mistari miwili: LnkCap, uwezo wa kadi, na LnkSta, ilichopewa kweli. Soma hiyo miwili kabla ya kuanza jaribio lolote. Itakuchukua nusu dakika na inaweza kukuokolea wiki.

Mlango wa tatu ni foleni ya mzunguko kwenye kumbukumbu kuu, ambayo mafundi huiita ringi. Kiendeshi, yaani programu inayoiongoza kadi, hupanga nafasi tupu, kadi huzijaza, kiendeshi huzimwaga na kuzirudisha. Baadhi ya viendeshi huanza na nafasi 256 ilhali kadi inakubali hadi 4,096, na amri ya ethtool -g hukuonyesha zote mbili. Ushauri wa haraka unaosikika kila mahali ni kuongeza ringi. Unasaidia, ila elewa unasaidia nini. Kwa fremu ndogo kwenye gigabiti 10, nafasi 256 hujaa kwa maikrosekunde 17, na nafasi 4,096 kwa maikrosekunde 275. Kwa hiyo ringi kubwa humeza mlipuko wa ghafla, prosesa iliposhughulika kidogo na jambo jingine. Mzigo wa kudumu unaozidi uwezo wa prosesa utaijaza ringi ya ukubwa wowote, na ringi kubwa itakachoongeza ni ucheleweshaji tu. Ukiongeza ringi na upotevu ukapungua kidogo bila kwisha, acha kuongeza. Tatizo liko mlango unaofuata.

Mlango huo wa nne ni prosesa. Zamani kila pakiti ilipiga intarapti yake, yaani ishara ya kuikatiza prosesa, kama mgeni anayebonyeza kengele. Wageni wakizidi, mwenye nyumba anashinda akifungua mlango tu, hapiki wala hahudumii. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan waliieleza hali hii vizuri sana: mzigo ukipita kiwango fulani, mashine hutumia nguvu zake zote kupokea, na kiasi kinachofikia programu hushuka kuelekea sifuri. Linux ilijibu kwa NAPI, utaratibu ambao kengele ya kwanza ikilia huzimwa, kisha kerneli huenda yenyewe kuchota pakiti kwa mafungu. Kwa kawaida huchota hadi 300 kwa zamu moja, au hadi muda uishe, kisha inaachia kazi nyingine.

Ushahidi wa mlango huu uko kwenye /proc/net/softnet_stat. Kuna mstari mmoja kwa kila kiini cha prosesa, namba zikiwa za mfumo wa heksadesimali (msingi wa 16). Safu ya kwanza ni pakiti zilizoshughulikiwa, ya pili ni zilizotupwa kwa sababu foleni ya kiini ilijaa, ya tatu ni mara ambazo zamu ilikwisha kazi ikiwa bado ipo. Angalia pia mgawanyo. Mara nyingi mstari mmoja una mamilioni na mingine haina kitu, yaani kiini kimoja kinabeba mtandao mzima huku vingine saba vikipumzika. Kadi za kisasa zina foleni nyingi na hugawa pakiti kwa kuchanganua anwani na namba za bandari. Kama jaribio lako linatumia mkondo mmoja tu, mgawanyo huo hauna cha kugawa, na utahukumu mashine kwa kosa la jaribio. Tumia bandari nyingi tofauti.

Mlango wa tano ni bafa ya soketi, kibaraza cha mwisho ambapo programu huja kuchukua data yake. Programu ikichelewa, kerneli hutupa, na kaunta ya RcvbufErrors chini ya UDP (utaratibu wa kusafirisha data usiotuma tena kilichokosekana) ndani ya /proc/net/snmp inapanda. Kwa uzoefu wangu upotevu mwingi unaosingiziwa kadi hutokea hapa, hatua moja kabla ya kufika. Kadi ilishamaliza kazi yake zamani.

Kulipanga jaribio lenyewe

Unganisha mashine mbili kwa kebo moja kwa moja, bila swichi katikati. Swichi ni shahidi mwingine, utamwita baadaye. Usifanye kazi hii kwenye mtandao unaotumiwa na watu. RFC 6815 ya mwaka 2012 iliandikwa mahususi kuonya kwamba vipimo vya RFC 2544 vinaumiza mitandao iliyo kazini. Kwa anwani, kuna safu ya 198.18.0.0/15 iliyotengwa kwa vipimo vya aina hii, nayo inakuepusha kurusha mafuriko kwa mtu asiyehusika.

Kwa fremu kubwa, iperf3, programu ya kurusha mzigo na kupima kasi, inatosha. Tumia UDP ili kusiwe na wa kutuma tena kisirisiri. Tahadhari: bila kuambiwa kasi, iperf3 hutuma UDP kwa megabiti 1 tu kwa sekunde, na nimeona ripoti za "upotevu sifuri" zilizojengwa juu ya mzigo huo wa kijiko. Taja kasi kwa -b, na ukubwa kwa -l: baiti 1,472 za data ndizo zinazojaza fremu ya 1,518. Kisha geuza mwelekeo kwa -R, kwa sababu kupokea na kutuma ni kazi mbili tofauti, na kadi inaweza kufaulu moja ikafeli nyingine.

Kwa fremu ndogo iperf3 haitoshi. Huomba kerneli itume pakiti mojamoja, na kiini kimoja huishiwa pumzi kabla waya haujajaa. Hapo utakuwa unampima mtumaji. Tumia pktgen, moduli iliyo ndani ya kerneli ya Linux yenyewe, au programu ya TRex kwa kasi kubwa zaidi. Kwenye pktgen andika ukubwa wa 60 ukitaka fremu ya 64, kwa kuwa baiti 4 za CRC huongezwa na kadi. Upande wa mpokeaji, weka kanuni ya kuzihesabu pakiti hizo na kuziondoa mapema, ili mlango wa tano usichafue matokeo ya milango mingine.

Kabla ya kuanza zima udhibiti wa mtiririko pande zote mbili kwa ethtool -A. Utaratibu huu huruhusu kadi iliyolemewa kumtumia mwenzake fremu ya kusema "subiri". Ukiwa umewashwa, mpokeaji dhaifu ataonyesha upotevu sifuri kwa kumfunga breki mtumaji, nawe utampongeza. Kazini unaweza kuwa msaada, ila kwenye kipimo ni pazia.

Chukua picha ya kaunta zote za pande zote mbili: ethtool -S, softnet_stat, /proc/net/snmp. Rusha mzigo kwa sekunde 60 kwa asilimia 100 ya kasi, kisha 90, kisha 80, ukishuka hadi majaribio mawili mfululizo yasiwe na upotevu. Baada ya kila jaribio chukua picha nyingine na utoe tofauti. Chora mstari wa kilichotumwa dhidi ya kilichofika. Ukipanda kisha ukanyooka, mashine imefika kikomo chake kwa adabu. Ukipanda kisha ukaanguka, umekutana na ile hali ya Mogul na Ramakrishnan, au mfumo unaokaribia huko. Ukipata mashimo madogo yasiyotegemea kasi, hata kwenye asilimia 30, tafuta kitu kinachotokea kwa vipindi: usingizi wa kuokoa umeme, kazi ya kila dakika, au waya mbovu.

Sekunde 60 hazitoshi kwa kila kitu. Kadi za gigabiti 10 za kebo ya shaba hupata moto, na makosa ya joto hujitokeza baada ya saa kadhaa. Jaribio moja liachwe lifanye kazi usiku kucha, kifuniko cha mashine kikiwa kimefungwa kama kitakavyokuwa kazini.

Badilisha pia yaliyomo ndani ya pakiti. Mwaka 2013 Kristian Kielhofner alieleza hadharani jinsi kadi ya Intel 82574L ilivyozimika kabisa ilipopokea pakiti yenye thamani fulani kwenye nafasi ya 0x47f, yaani baiti ya 1,151 ukihesabu kuanzia sifuri. Intel ilieleza kwamba chanzo kilikuwa mipangilio isiyo sahihi iliyowekwa kwenye kumbukumbu ya kadi na mtengenezaji mmoja wa ubao mama. Kipimo chenye sifuri tupu kisingeiona hitilafu hiyo hata kikiendeshwa mwaka mzima.

Kaunta inayodanganya

Kuna kaunta moja inayowahangaisha watu bure: "dropped" ya amri ya ip -s link. Tangu kerneli 2.6.37, humo huingia pia fremu ambazo mashine haina itifaki ya kuzishughulikia. Swichi inayotumia STP, utaratibu wa kuzuia mizunguko kwenye mtandao, hutangaza kila sekunde 2; LLDP, wa vifaa kujitambulisha kwa jirani, kila sekunde 30. Kama mashine yako haizielewi, kaunta hupanda taratibu kama saa, mtandao ukiwa mzima kabisa. Dalili yake ni ya ajabu: ukiwasha tcpdump, programu ya kunasa pakiti, kupanda kunakoma, kwa sababu sasa yupo anayezipokea. Hesabu kasi ya kupanda. Ikiwa ni takriban 30 kwa dakika, mzigo uwepo usiwepo, umempata mhusika na hakuna cha kutengeneza.

Mwisho fanya hesabu ya mizania. Chukua idadi ambayo kadi ya mtumaji inasema ilitoka, ondoa iliyofikia programu, ondoa kila kaunta ya kila mlango, bila kuhesabu pakiti moja kwenye kaunta mbili. Ikibaki sifuri, unamjua mtupaji na unajua pa kwenda. Ikibaki pengo, pakiti zilipita mlango ambao haukuandika. Hapo, na hapo tu, kadi inastahili kushukiwa. Hamishia kadi kwenye sloti nyingine, kisha kwenye mashine nyingine, kwa kebo ileile na mzigo uleule. Pengo likibaki kwenye mashine ya kwanza, kadi ilisingiziwa. Likiifuata kadi kila inapokwenda, ichomoe.